Je, wajua kwa nini matumbawe jirani huuana usiku ndani ya tangi la maji ya chumvi?

Jioni umeyaacha yote mawili yamechanua, kati yake pana nafasi ya kiganja kizima. Asubuhi moja lina kidonda upande mmoja, nyama imeyeyuka na mfupa mweupe uko wazi. Unapima maji, hayana kasoro. Unamshuku samaki, naye hana kosa. Tumbawe limechomwa na jirani yake.

Tumbawe ni mnyama asiyeweza kuhama, kwa hiyo eneo lake hulipigania palepale lilipo. Galaxea ndiyo mfano mbaya kuliko yote: taa zikizimwa hutoa minyiri myembamba kama uzi yenye seli za sumu, na mkondo ukiibeba inaweza kufika sentimita 20 na zaidi. Mchana huioni, ndiyo maana lawama huishia kwenye maji. Scolymia hana haja ya minyiri mirefu. Yeye hutoa nyuzi za tumbo lake, akazilaza juu ya jirani na kummeng'enya akiwa hai. Matumbawe laini kama Sarcophyton hupigana kwa kemikali zinazosambaa majini, na hapo umbali peke yake haukuokoi: weka mkaa maalumu wa kuchujia maji na uubadilishe kila baada ya wiki 3 au 4.

Basi kabla ya kununua, usiulize tu kipande kina ukubwa gani leo. Uliza kikivimba kitakuwa kikubwa kiasi gani, na minyiri yake inafika wapi. Kati ya matumbawe yenye minyiri mirefu acha angalau sentimita 15. Galaxea, kama ni lazima uwe nayo, ikae pembeni peke yake, mwisho wa mkondo, ili maji yasipeleke minyiri yake kwa wengine. Kwa jamii ya Euphyllia, aina yenye ncha za umbo la nyundo na ile yenye vifundo kwa kawaida huvumiliana hata zikigusana; ile ya minyiri mirefu kama mwenge huzichoma zote mbili.

Ugomvi ukishamalizwa kwa kuacha nafasi, linabaki suala la mwanga, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo sana, zooksanthela, wanaolilisha kwa sukari wanayoitengeneza kwa mwanga. Kipande kilichozoea mwanga hafifu ukikipandisha juu ya jiwe siku ya kwanza, mwani hao huzidiwa na kuanza kutoa kemikali zinazoumiza nyama. Tumbawe huwatema na kubaki jeupe. Likikaa gizani mno kinyume chake hutokea: mwani huongezeka ili kunasa mwanga kidogo uliopo, na rangi zote hugeuka kahawia. Lililopauka lishushe. Lenye ukahawia lipandishwe polepole, ingawa pima kwanza naitreti na fosfeti, virutubisho vilivyoyeyuka majini, maana zikizidi nazo huleta ukahawia uleule.

Kwa kipimo cha PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani wanaweza kuutumia, matumbawe laini na yale magumu yenye polipu (vinywa vyenye minyiri) kubwa hutosheka na 50 hadi 150. Acropora na wenzake wagumu wenye polipu ndogo huhitaji 200 hadi 350. Pima mahali hasa utakapolipachika, kwa sababu kivuli cha jiwe kinaweza kupunguza mwanga kwa zaidi ya nusu. Kipande kipya kianzie chini mchangani kwa wiki moja, kisha kipandishwe sentimita 5 hadi 10 kila wiki. Kikifika mahali pake, kiache wiki 3 bila kukigusa. Mkono usiotulia umeua vipande vingi kuliko taa kali.

Mkondo unapimwa kwa macho. Polipu zikiyumba huku na huko, mahali hapo panafaa. Nyama ikilazwa upande mmoja tu na kubanwa kwenye ukingo wa mfupa wake, itachanika, kwa hiyo geuza pampu. Acropora hutaka mkondo mkali unaobadilika mwelekeo. Trachyphyllia mpe mkondo mpole na mlaze mchangani: akibanwa juu ya jiwe, kila anapovimba nyama yake husuguliwa na ukali wa jiwe, na kidonda hicho hakiponi hadi umwondoe.

Maji yawe thabiti kabla ya yote haya: nyuzijoto 25 hadi 26, chumvi 35 kwa elfu, ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) dKH 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350. Ualkali usibadilike zaidi ya dKH 1 kwa siku. Naitreti na fosfeti zisiwe sifuri, maana matumbawe nayo hushinda njaa. Acropora isubiri hadi tangi litimize angalau miezi 6.

Dukani chagua kipande ambacho nyama yake imeshatambaa juu ya kitako cha kauri. Hicho kimekwisha kupona baada ya kukatwa. Mfupa mweupe mpya kwenye kingo ni dalili ya kukiacha. Nyumbani acha mfuko wa kipande uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20, halafu kiogeshe kipande kwenye dawa ya kuua wadudu wa matumbawe iliyochanganywa na maji ya tangi, dakika 5 hadi 10 kwa kufuata kipimo cha dawa yenyewe. Maji hayo yamwage. Kata na utupe kitako cha zamani, kwani dawa haiui mayai na mara nyingi mayai hujificha hapo. Kausha tako la tumbawe kwa kitambaa, tia gundi ya supaglu ya jeli kiasi cha punje ya njegere, kisha libane na kulizungusha kidogo juu ya jiwe chini ya maji ili utando wa juu wa gundi upasuke na ishike.

Vaa glavu na miwani ya kinga unaposhika Zoanthus na Palythoa, jamaa wa matumbawe. Baadhi hubeba palitoksini, sumu kali mno, na jiwe lenye viumbe hivyo lisichemshwe kamwe, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

Xenia, tumbawe laini, na Briareum, lile zulia la zambarau lenye polipu za kijani, vipewe jiwe lao wenyewe lililozungukwa na mchanga pande zote, mbali na ukuta wa mawe. Briareum likigusa ukuta huo hutambaa hadi chini ya matumbawe mengine, na kulitoa huko ni kung'oa jiwe zima.