Je, wajua kwa nini Lesotho ni nchi ya farasi?

Katika milima ya Lesotho ni jambo la kawaida kupishana na mzee aliyejifunga blanketi, yuko juu ya farasi, gunia la mahindi limefungwa kwenye tandiko, anakwenda kusagisha. Kwetu Afrika Mashariki hilo ni la kustaajabisha. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Mbona farasi alistawi kule, huku akashindwa?

Sababu kubwa ni baridi. Huku kwetu mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomdhoofisha farasi mpaka afe. Upo pia ugonjwa mwingine, tauni ya farasi, unaosambazwa na wadudu wadogo waumao, jamii ya usubi. Pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili, lakini farasi wengi wakiupata hawaponi. Sasa itazame Lesotho: hata sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna nchi nyingine duniani ambayo sehemu yake ya chini iko juu kiasi hicho. Kuanzia Juni hadi Agosti theluji huanguka milimani. Mbung'o hana maisha huko, na usubi nao hupungua.

Lakini baridi peke yake haileti farasi. Waholanzi ndio waliowaingiza Rasi ya Tumaini Jema, wa kwanza wakitoka Java mwaka 1653. Wabasotho waliwapata karibu na mwaka 1830, wakati mfalme wao Moshoeshoe wa Kwanza alipokuwa akiwakusanya watu waliotawanywa na vita kuzunguka ngome yake ya mlima, Thaba Bosiu. Mfalme huyo aliona mbali. Katika muda wa kizazi kimoja tu, watu wake waliokuwa wakienda kwa miguu wakawa wapanda farasi hodari, na Desemba 1852 wapanda farasi wake walilizuia jeshi la Waingereza la Jenerali Cathcart kule Berea.

Milima nayo ikamfinyanga farasi mwenyewe. Farasi wa Kibasotho ni mfupi, mgumu, kwato zake imara, na hushuka genge la mawe akichagua pa kukanyaga bila kuvutwa hatamu. Mgeni asiyewahi kupanda farasi hushauriwa jambo moja hapo: mwachie yeye njia. Ni ushauri wa haki kabisa.

Ndiyo maana likizo ya kupanda farasi kule, hasa kutokea Malealea au Semonkong, hupita katika njia zilezile wanazotumia wanakijiji kwenda dukani na zahanati. Kwangu mimi hilo ndilo linaloipa thamani. Maporomoko ya Maletsunyane karibu na Semonkong, yenye urefu wa mita 192, yanapendeza kweli, lakini vijiji vina mengi zaidi. Utaona bendera juu ya mti mrefu: nyeupe inatangaza kuwa nyumba hiyo ina joala, pombe ya mtama, nyekundu ni nyama, kijani ni mboga. Utaona mokorotlo, kofia ya nyasi yenye ncha juu, ileile iliyowekwa kwenye bendera ya taifa mwaka 2006. Salamu ni “lumela”, ukiongeza “ntate” kwa mwanamume aliyekuzidi umri na “'m'e” kwa mwanamke.

Safari ya siku kadhaa hulazwa vijijini, katika nyumba za msonge zenye kuta za mawe, na chakula ni papa, yaani ugali wa mahindi, na mboga za majani ziitwazo moroho. Beba nguo nzito hata majira ya joto, kwa kuwa kati ya Oktoba na Aprili mvua za radi huja ghafla alasiri. Blanketi utalipata hukohuko, na mwongozaji atakuonyesha namna ya kulifunga ili mikono ibaki huru kushika hatamu.