Ndizi za mteja, na mengine wanachuo wanayoyaelewa kombo

Kila mwaka napokea kundi jipya la wanafunzi wa uzamili hapa Moshi, na kabla hatujafungua kitabu nawagawia karatasi: andika unachokijua kuhusu tiba ya saikodainamiki (tiba ya mazungumzo inayofuatilia jinsi ya zamani yanavyoongoza hisia zetu bila sisi kujua), jina usiweke. Karatasi nazisoma kwa sauti, tunacheka, kisha kazi inaanza. Yafuatayo hayajawahi kukosekana.

"Mgonjwa analala kwenye kochi, daktari amekaa nyuma yake anaandika."

Huyo ni Freud, daktari wa Vienna, na saikoanalisia yake, tiba iliyoizaa hii yetu, vikao karibu kila siku ya wiki. Kochi lenyewe liko London, kwenye nyumba aliyohamia mwaka 1938 alipowakimbia Wanazi kutoka Vienna, na wageni huenda kulitazama. Sisi tunatumia viti viwili, ana kwa ana, mara nyingi kikao kimoja kwa wiki, dakika 50. Hata viti vya plastiki vinafaa, mradi mlango ufungwe na waliopo kwenye foleni nje wasisikie. (Kwa vyumba tulivyonavyo, huo mlango unanisumbua kuliko nadharia yote.)

"Kazi yake ni kulaumu wazazi, na ni mambo ya Wazungu."

Hapa kicheko huisha. Kumsema mama yako mzazi mbele ya mtu baki si jambo dogo kwetu, na mwanachuo anaogopa kwamba ndicho atakachomlazimisha mteja afanye. Hapana. Hatutafuti mwenye kosa. Tunataka kujua utoto ulimfundisha mtu kutarajia nini kwa wengine: kwamba ukilia utabebwa, au kwamba ukilia utaachwa, kwa hiyo bora usilie.

Na hilo la Uzungu lina kasoro yake. Mary Ainsworth, mmoja wa nguzo za nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto, hakuanzia Marekani. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa vijijini karibu na Kampala, akiwatembelea akina mama 26 na kuwatazama na watoto wao wachanga. Mama aliyezijua ishara za mwanawe na kuzijibu, mtoto wake hakulia sana na alithubutu kutambaa mbali naye. Kwa hiyo sehemu ya nadharia hii tuliyodhani imekuja na meli ilipata mizizi hapo ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

"Haina ushahidi, halafu inachukua miaka."

Yote mawili yanajibika mara moja. Mwaka 2007 huko Marekani, Barbara Milrod na wenzake walichapisha utafiti wa watu 49 wenye mashambulizi ya hofu ya ghafla, yale ambayo moyo unadunda na mtu anaamini anakufa. Waliopata tiba ya saikodainamiki walikuwa na vikao 24 kwa wiki 12. Asilimia 73 walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 39 ya waliofundishwa kulegeza mwili. Tafiti za tiba ya utambuzi na tabia, ile inayofanyia kazi mawazo na mazoea ya sasa, ni nyingi zaidi, hilo sibishi.

"Uhamisho wa hisia ni pale mteja anapompenda mtaalamu."

Hii ndiyo inayonilia muda. Chukua mfano niliouunda kwa ajili ya darasa. Mwanachuo ana miaka 27. Mteja ni mama wa miaka 58 anayeshuka kutoka Old Moshi; hapati usingizi tangu binti yake aliyeko Dar aache kupokea simu. Kikao cha nne anaitikia shikamoo, anaketi, anatoa chane ya ndizi mbivu kwenye kikapu.

"Chukua mwanangu, umekonda. Huku mnakula nini?"

"Asante mama, ila haturuhusiwi kupokea zawadi."

Mama anazirudisha kikapuni, anazifunika na kanga taratibu. Wiki inayofuata haji. Anatuma ujumbe kwamba gari lilikosekana.

Darasa hubishana kuhusu kanuni ya zawadi. Kanuni ni fupi, tunaimaliza kwa dakika tano. Mimi nawauliza: ni nani mwingine aliyekataa kitu cha mama huyu? "Mwanangu" peke yake ni adabu tu, hata muuza mboga sokoni Mbuyuni atakuita hivyo, na gari nalo hukosekana kweli. Lakini "mwanangu, umekonda" kutoka kwa mama ambaye simu zake hazipokelewi ni habari nyingine. Ameshamweka kijana yule kwenye kiti cha binti yake, na kijana, bila kujua, akafanya alichofanya binti. Huo ndio uhamisho. Na kwa nini kijana alikimbilia kanuni haraka vile? Labda naye ana mama anayemhesabia vijiko. Hisia hizo za mtaalamu hazifichwi, zinaletwa kwa msimamizi, yule mzoefu anayeiongoza kazi yake.

Freud mwenyewe alijifunza hili kwa kuumbuka. Msichana aliyempa jina la Dora alikaa naye miezi mitatu hivi, akaacha tarehe 31 Desemba 1900. Alipochapisha kisa hicho mwaka 1905, Freud alikiri kwamba uhamisho ulimpita asiudhibiti mapema.

"Sasa Madam, mama akirudi nimwambie nini?"

Si mhadhara. "Mama, siku ile nilipozikataa ndizi zako, nahisi kuna kitu kilibadilika kati yetu." Halafu nyamaza. Wale wanaoandika kwenye karatasi zao kwamba mtaalamu wetu ni bubu wameona huko kunyamaza tu, hawakusikia sentensi iliyotangulia.

Mmoja wa viti vya nyuma alitaka kujua kama safari hii ndizi zipokelewe. Nikamwambia hilo ni la msimamizi wake. Msimamizi wake ni mimi; tunaonana Alhamisi.