Akina Atieno Watatu Wodini

Kwa Wajaluo jina hufuata saa. Aliyezaliwa usiku ni Atieno, aliyezaliwa jua likiwa utosini ni Achieng'. Ukisimama mlangoni mwa wodi ya akina mama pale Kisumu uite "Atieno!", usishangae watatu wakiitika.

Nimeanza na hilo kwa sababu dhana ninayoisikia zaidi, steji ya matatu ya Kondele, Kisumu, hata matangani, ni kwamba makosa ya hospitali hufanywa na daktari mlevi au asiyejua kazi. Wapo wa hivyo. Lakini makosa mengi hutokana na vitu vidogo: majina yanayofanana, mwandiko usiosomeka, zamu kubadilishana watu wakiwa hoi. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, madaktari walifungua fuvu la mtu wakitafuta damu iliyoganda, wasiione. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimechanganywa. Mikono ilijua kazi; mgonjwa ndiye hakuwa yeye. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lina orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa kwenye chumba cha upasuaji, na la kwanza kabisa ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani na anapasuliwa sehemu gani ya mwili.

Mama yangu alipolazwa, muuguzi alimjia usiku na sindano. "Wewe ni Atieno?" Mama, nusu usingizini, akamjibu: "Atieno yupi, binti yangu? Tuko wengi hapa." Dawa ilikuwa ya kitanda cha dirishani. Tangu siku hiyo nimejua kwamba swali linalojibiwa "ndiyo" halimtambulishi mtu. Aulizwe ataje mwenyewe jina lake kamili na mwaka aliozaliwa.

Halafu kuna hii: "Ulitia sahihi, sasa nyamaza." Fomu ya ridhaa inaonyesha ulikubali kutibiwa na hatari za kawaida za tiba hiyo. Hukukubali uzembe. Tena sahihi yenyewe haina uzito kama hukuelezwa kitu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aambiwe hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama, na kwamba anaweza kukataa. Na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa, kulingana na kiwango chake cha kusoma. Nyanya wa Siaya anayeelezwa upasuaji kwa Kiingereza, kisha akashikwa kidole kikapigwa wino, ameridhia nini hasa?

Upande wa pili tunakosea sisi. Mgonjwa akifariki, tunasema daktari ameua. Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Mahakama huuliza kama mhudumu alifanya ambavyo mwenzake mwenye ujuzi kama wake angefanya, na kama kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Mama anaweza kutokwa na damu baada ya kujifungua, akahudumiwa vizuri na bado tukampoteza. Anaweza pia kutokwa na damu huku hakuna aliyempima presha usiku kucha. Hizo ni habari mbili tofauti.

"Hospitali ya serikali haishtakiki" ni uongo mtupu. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, hukohuko Bungoma, iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 kwa kuvunjiwa utu na haki yake ya afya. Ila muda ni mfupi: madai ya uzembe dhidi ya serikali hupewa miezi 12, dhidi ya hospitali ya kibinafsi miaka 3.

Fidia hutoka mahakamani. Leseni ni ya mabaraza: la madaktari linaweza kumsimamisha daktari au kumfuta kwenye rejista, wauguzi wana lao, na maklinikal ofisa, yaani matabibu wasio madaktari, lao. Sisi huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata wa duka la dawa, kwa hiyo uliza kwanza aliyekuhudumia ni nani, usije ukapeleka malalamiko mlango usio wake.

Na faili? Watu hudhani ni siri ya hospitali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari unayoihitaji kulinda haki yako. Omba nakala kwa maandishi, ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.

La mwisho linauma, hasa kwetu tunaoharakisha kumpeleka marehemu nyumbani. Upasuaji wa maiti, wa kutafuta kilichomuua, haumvunjii marehemu heshima, na familia inaweza kuleta mtaalamu wake asimame pale ukifanywa. Ombeni ufanyike kabla gari halijatoka mochari. Akishazikwa, kumfukua kunataka kibali cha serikali au amri ya mahakama.