Mcheza kwao hutuzwa, hata bandani

Ukipita nyuma ya mabanda yetu alfajiri utanikuta nacheza. Nacheza kwelikweli: reki mkononi, gambuti miguuni, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni, kiuno kinafuata besi ya benga kutoka kwenye kiredio kilichotundikwa msumarini. Wanaonitazama ni farasi kumi na mmoja tu, na hao hawana habari nani anajua kucheza na nani anarukaruka.

Kazi yangu ni usaisi. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemtembeza na kumtandika, na anayekesha naye akishikwa na tumbo. Nimeifanya miaka kumi na tisa, mingi yake hapa Nairobi, jirani na uwanja wa mbio wa Ngong ulioko hapo tangu 1954, na miwili na ushei huko Oman. Juzi kijana mpya tuliyempokea aliniuliza kwa adabu, "Mzee, kwani hii kucheza nayo ni kazi?" Nilicheka, nikamwambia ashike toroli. Lakini swali lilinikaa kichwani siku nzima, na jibu lake limekuwa refu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na farasi mwenyewe. Ukubwa wote ule, moyoni bado ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, isipokuwa kipande kidogo nyuma ya mkia na kingine mbele kabisa ya paji la uso. Masikio yanageuka kila moja kivyake. Usalama wake uko kwa wenzake: mmoja akikaza shingo, wote hukaza. Sasa ukiingia bandani, na wewe ni mmoja wa kundi, utake usitake. Ukiwa umepandisha mabega, umebana pumzi, unatembea kwa ncha za vidole ili usimshtue, unampa habari moja tu, kwamba kuna chui mahali. Wageni wanaoogopa farasi karibu wote hunyata. Na porini nani mwingine hunyata?

Jaribu kucheza rumba huku umebana pumzi. Huwezi. Magoti hulegea yenyewe, mabega hushuka, pumzi hutoka ndefu. Mimi siingii kwa farasi kabla mwili wangu haujafika hapo, na njia ya mkato ninayoijua ni wimbo mmoja na ufagio.

Tunaye jike wa rangi ya kahawia ninayemwita Shangazi, kwa sababu hunitazama kama mtu niliyechelewa kurudi nyumbani. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, polepole kuliko wako na wangu. Unaupata chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Weka vidole viwili, usitumie dole gumba maana lina mapigo yake, kisha subiri. Asubuhi nikimshika Shangazi na haraka zangu, hesabu hupanda hadi ukingo wa juu na masikio yanazunguka kama feni. Nikifagia kwanza, nikacheza nyimbo mbili, nikarudi, hesabu imeshuka na jicho limekuwa zito. Huu si utafiti. Ni vidole vyangu na saa ya mkononi, ila vidole hivyo vimehesabu asubuhi nyingi.

Sehemu ya pili ya jibu ilinifuata mbali na nyumbani. Sisi masaisi wa Nairobi tunasema "mpige troti", "mpige kanta", basi. Nilipokuwa kwenye zizi moja nje kidogo ya Maskati, alikuwa akija mzee mmoja Mwomani aliyezaliwa Unguja, mmoja wa wale walioondoka baada ya 1964. Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo huyu wako anakwenda telki nzuri."

Sikujua telki ni mdudu gani. Akaketi juu ya bunda la majani makavu akanieleza kwamba huko kwao hata punda alikuwa na telki yake, ule mwendo wa kutembea haraka usiomrusha mpandaji. Ukimhimiza zaidi anaingia matiti, ndiyo ile troti yetu. Ukimwachia kabisa anakwenda shoti. (Kijana wangu akisikia "matiti" hucheka hadi leo. Acheke, neno ni la zamani kuliko yeye.)

Mzee alikuwa akigonga kila mwendo kwa kucha juu ya ndoo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikitazama miaka yote kumbe ni cha kusikilizwa. Farasi akitembea, kila mguu hutua peke yake: mapigo manne yaliyo sawa. Kwenye matiti, miguu hutua kwa jozi za kukingamana, wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, kisha wenzao. Mapigo mawili, na kati yake farasi yuko hewani kidogo. Kwenye kanta, mwendo ulio kati ya matiti na shoti, ni matatu: mguu mmoja wa nyuma, halafu jozi, halafu ule wa mbele unaoongoza, kisha kimya. Kile kimya ndicho kitamu, maana miguu yote imeachana na ardhi. Akikazana shoti ya mashindano, ile jozi ya katikati huvunjika na mapigo yanarudi kuwa manne, ila sasa yanakuja kwa mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati.

Asiyecheza huona miguu minne inachanganyika. Mimi hujikuta nachezesha bega kwa hiyo miguu kabla sijajua, na bega ndilo linaloniambia kuna kasoro.

Niseme la siku moja ya mwezi wa tano, mvua imenyesha wiki nzima na uwanja ni tope. Kijana alikuwa akimkimbiza Shangazi taratibu kwenye ule ukanda wa lami kati ya mabanda. Mimi niko ndani nafagia, redio kimya kwa kuwa betri zimekwisha. Nikasikia matiti yanakuja: TA-ta, TA-ta, TA-ta. Bega langu likakataa. Matiti ya farasi mzima ni ta-ta-ta-ta, hakuna pigo kubwa wala dogo. Nikatoka na ufagio mkononi nikamwambia, "Mrudishe, umlete moja kwa moja kuelekea kwangu."

Hapo nikatazama kichwa. Farasi anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa ule mbovu unapogusa ardhi, ili kuupunguzia uzito, na hukishusha ule mzima unapotua. Wengi hukosea hapa: wanaona kichwa kinashuka, wanadhani hapo ndipo panapouma, wanaanza kuukanda mguu usio na neno. Cha Shangazi kilikuwa kinapanda kila mara wa kushoto unapotua. Lile TA lilikuwa la kulia, mguu mzima ukibeba mzigo wa mwenzake.

Nikainama. Kwato ya kushoto ilikuwa na joto kuliko ya kulia. Nikapapasa nyuma ya kifundo: mshipa unadunda kama ngoma ya harusi, mahali ambapo siku za kawaida mdundo ni wa kutafuta. Fundi wa kwato akaja, akang'oa kiatu, akabana ukingo kwa koleo lake pande zote. Shangazi akavumilia, akavumilia, kisha sehemu moja akauvuta mguu kwa nguvu. Akachokora hapo kwa kisu chake chenye ncha iliyopinda, kidogo kidogo, mpaka kikatoka kitone cha usaha mweusi wenye harufu isiyosahaulika. Jipu ndani ya kwato. Ukuta wa kwato hautanuki, kwa hiyo usaha ukikosa pa kwenda farasi huteseka kama mtu mwenye jino bovu. Daktari wa mifugo akamchoma sindano ya pepopunda, maana farasi hupatwa kirahisi na ugonjwa huo. Sisi tukaloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, tukaifunga kwato kwa nepi ya mtoto, ndiyo, ile ile ya dukani, na kuizungushia utepe mpana wa gundi. Hakuna bandeji inayokaa vizuri kama nepi. Baada ya siku chache Shangazi alikuwa anapiga matiti yake sawasawa, akinitazama kwa lawama zile zile.

Sasa nisije nikakudanganya kwamba bandani kila ngoma inafaa. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku nchini mwaka 2017, nilikuwa nabeba mandazi yangu ndani ya mfuko mwembamba, mfukoni mwa koti. Siku moja nikawa nampiga brashi dume mmoja kijana, damu moto, wimbo ukafika pale magitaa yanapokimbizana, nami nikazungusha kiuno nikiwa karibu na ubavu wake wa nyuma. Mfuko ukalia chwarara. Yule bwana akaruka kando, na alipotua alitua juu ya buti langu la kulia. Ukucha wa dole gumba uliota upya baada ya miezi, na hata sasa umepinda. Nyapara wetu wa wakati ule hakunipa pole. Alisema, "Utakufa ukicheza wewe," akaenda zake. Nilimkasirikia, ingawa alikuwa na haki.

Tangu hapo nina adabu zangu. Nacheza pale anaponiona, usawa wa bega lake, kamwe si nyuma ya mkia. Sivai kitu kinachopepea wala kinacholia. Miguu haiachi ardhi: rumba sawa, benga ya polepole sawa, lakini isukuti naiacha nyumbani Kakamega, maana bega likianza kutetemeka vile hata mimi hukimbia. Mugithi pia haiwezekani, inataka treni ya watu, na mimi niko peke yangu na toroli la samadi. Redio huwa chini. Masikio yanayosikia tone la maji kwenye bomba la jirani hayahitaji spika.

Na farasi, je, naye hucheza? Naulizwa hilo na kila mgeni. Kwenye Olimpiki, tangu Atlanta 1996, mashindano ya dresaji, yale ya farasi kuonyesha miendo yake kwa ustadi, yana sehemu ya kupanda farasi kwa muziki. Tazama Charlotte Dujardin na farasi wake Valegro walivyoshinda London 2012. Utaapa kwamba yule farasi anasikiliza tarumbeta. Lakini wanaotengeneza muziki ule huhesabu kwanza miguu ya farasi inapiga mara ngapi kwa dakika kwenye kila mwendo, ndipo wakapanga nyimbo zimfuate yeye. Mpandaji naye kazi yake ni kulinda mapigo yasipande wala kushuka. Anayeongoza bendi ni farasi, na hana habari.

Karibu zaidi na kucheza nilikuona Oman, kwenye ardha. Ndiyo hiyo ardha ya farasi na ngamia iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2018. Farasi wawili huachiwa shoti sambamba, wapandaji wameshikana mikono, na walio hodari husimama wima juu ya migongo. Nilikuwa nimesimama kwenye vumbi pamoja na mzee wa telki. Kila jozi ilipopita, bakora yake iligonga chini na mabega yakaenda yenyewe, kanzu nyeupe, kilemba, umri wa babu yangu. Farasi hawakujua kama ni sherehe. Walichojua ni kwamba mwenzao yuko ubavuni na mwendo ni mmoja, na kwa mnyama wa kundi sidhani kama kuna raha nyingine kubwa kuliko hiyo.

Yaliyobaki ni kazi ya kila siku, na ni nyingi. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, na bomba letu liko mwisho wa mabanda, kwa hiyo hesabu ndoo mwenyewe. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, tena hawezi kutapika, ndiyo maana tunamlisha kidogo kidogo kutwa nzima badala ya kumjazia mara moja. Kwato husafishwa kila siku. Samadi haina likizo, hata Krismasi. Mtu akifanya haya yote kwa uso wa matanga, kufika saa nne kiuno kimekufa. Anayeyumba na toroli lake hufika mchana bado anapiga mluzi.

Jana asubuhi nilichelewa kidogo kwa sababu ya matatu. Nilipokaribia banda nikasikia redio imeshawashwa. Nikasimama mlangoni. Kijana alikuwa kwenye chumba cha Shangazi, usawa wa bega kama nilivyomwonyesha, anacheza vibaya mno, magoti yanakwenda huku na mikono kule. Shangazi alikuwa anatafuna. Polepole mdomo wake wa chini ukalegea ukaning'inia, kisha akaukunja mguu mmoja wa nyuma akaupumzisha kwa ncha ya kwato, jambo ambalo hafanyi mbele ya mtu asiyemwamini. Kijana hakuyaona hayo. Alikuwa amefumba macho kabisa, amekumbatia reki.

"Cheza," nikamwambia, "lakini fumbua macho, toroli liko nyuma yako."