Ratiba si kengele ya saa

Wiki iliyopita nilikuwa Njiro, Arusha, nimekaa siti za nyuma nikisikiliza vijana wakieleza miradi yao ya kompyuta. Mmoja wao, kijana makini, alipofika kwenye mifumo ya benki, kwenye kompyuta kubwa ziitwazo meinifremu na skejula inayopanga kazi zake, akasema: "Skejula ya meinifremu ni alamu tu, wazee wangu. Unaipa saa, saa ikifika inawasha jobu, basi." Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Mimi nikanywa maji. Ni mara ya tatu mwaka huu naisikia sentensi hiyo, na mara ya pili aliyeitamka alikuwa mtu anayelipwa mshahara kuisimamia hiyo skejula. Nimerudi Moshi na Coaster ya jioni jambo hili bado linaniwasha, kwa hiyo naandika.

Maana yenyewe haichukui muda. Meinifremu hufanya kazi zake nyingi kwa bechi: kazi zisizohitaji mtu akae mbele ya kioo, kama kuingiza miamala ya siku, kukokotoa riba au kuandaa taarifa za wateja. Kila kazi ni jobu, na jobu huandikwa kwa JCL, lugha ya kuiagiza mashine iendeshe jobu, iliyozaliwa na familia ya System/360 ambayo IBM iliitangaza mwaka 1964. Mpaka leo mistari yake huanza kwa mikwaju miwili (//) na haizidi herufi 80, upana wa kadi ya kutobolewa, ingawa vijana wanaoiandika hawajawahi kuishika kadi. Jobu ina hatua, kila hatua huita programu, na programu ikimaliza huacha namba ya jibu. Kwa mazoea 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 na kuendelea kuna tatizo. Skejula, yaani mfumo wa kuratibu jobu, uwe Control-M, CA-7 au mwingine, ndio unaoamua jobu ipi iingie baada ya ipi, kwa masharti gani, na ikianguka nini kifanyike. Imetosha. Sasa nije kwenye kinachonikera.

Neno ratiba tumelipata kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kupanga, kukiweka kila kitu mahali pake. Ndugu zake tunao nyumbani: utaratibu, mratibu, kuratibu, na hata martaba, yaani cheo, nani yuko juu ya nani. Taratibu nayo ni ya ukoo huo huo. Sisi tumeizoea kwa maana ya polepole, lakini asili yake ni mpangilio. Anayefuata mpangilio haparamii, ndiyo maana akaonekana anakwenda polepole. Uupekue ukoo mzima, hukuti saa. Unakuta nani atangulie na nani afuate.

Atatokea mtu aseme neno la Kiingereza ndilo lenye saa ndani yake. Nalo halina. Limetoka kwenye Kilatini, schedula, kipande kidogo cha karatasi, orodha iliyoandikwa pembeni. Ukitaka ushahidi wa karibu, fungua sheria zetu zozote nyuma kabisa. Pale Kiingereza kinapoandika neno hilo, Kiswahili kinaandika Jedwali. Sijawahi kumsikia wakili akiuliza Jedwali la Kwanza linaanza saa ngapi.

Basi saa iliingilia wapi? Nadhani ilipitia mfumo endeshi wa Linux. Vijana wetu hukutana kwanza na cron, programu yake ya kuwasha kazi saa ikifika, na jina la cron kweli limetoka kwenye neno la Kigiriki la wakati. Cron ni kengele ya shule: ikifika saa nne inalia, mwalimu awe amemaliza somo au yuko katikati ya sentensi. Haiulizi. Kwa kufuta faili za muda kila usiku inafaa sana, na siidharau, ninayo kwenye mashine yangu. Ila mtu akitoka hapo akaingia kwenye chumba chenye jobu elfu kadhaa zinazotegemeana, akadhani amekuta cron iliyonenepa, hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Nenda stendi ya Moshi ukamuulize konda wa gari la Arusha wanaondoka saa ngapi. Atakwambia "sasa hivi", na atakwambia hivyo hivyo nusu saa baadaye. Hadanganyi sana. Gari lile lina ratiba, na ratiba yake ni hii: siti zimejaa, mizigo imefungwa, dereva amerudi kutoka kunywa chai. Masharti yakitimia linaondoka. Basi la kwenda Dar alfajiri lina saa, na likiondoka nusu tupu ni hasara ya mwenye basi. Yote mawili yana ratiba. Moja tu ndilo lenye saa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kahawa. Mama yangu mdogo, mgombani kwake Kibosho, akishamenya kahawa huiloweka ichachuke mpaka ule utelezi uachie. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ni saa ngapi inatakiwa kukaa. Alinitazama kama niliyeuliza ndizi ina kilo ngapi za utamu. Akaingiza mkono kwenye maji, akasugua punje kiganjani, akanipa na mimi nisugue. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama kokoto, zimeiva, zioshwe na kuanikwa. Baridi ya Julai huzichelewesha, joto huziwahisha, na saa ya ukutani haijui habari za baridi wala joto. Mama mdogo alikuwa mratibu wa bechi, ila hakuna aliyemwambia.

Ukiielewa kahawa ile, utaielewa na hadithi hii. Ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, siitaji, ilikuwa na jobu ya kuingiza miamala ya matawi iliyopangiwa saa nane usiku. Faili la matawi kwa kawaida lilifika kabla ya saa sita, kwa hiyo aliyepanga aliona saa mbili za akiba zinatosha. Zilitosha kwa miezi. Usiku mmoja mtandao ukakatika, faili likafika saa tisa. Saa nane jobu ilishaanza. JCL yake ilitaja faili la vizazi, yaani linalotunza kila toleo lake kama kizazi, na kizazi kilichoombwa kilikuwa (0), maana yake cha karibuni kabisa kati ya vilivyopo. Kilichokuwepo kilikuwa cha jana. Jobu ikakisoma chote, ikaingiza miamala ya jana kwa mara ya pili, ikarudisha 0. Sifuri! Hakuna taa nyekundu iliyowaka, hakuna aliyeamshwa. Asubuhi wateja ndio waliotuamsha. Tulipokaa kikao, mhusika alijitetea kwamba saa haikukosea hata sekunde, na alisema kweli.

Na kwa sisi Waswahili, saa yenyewe ni mtihani. Saa nane usiku ni 02:00 kwa mashine; nimeona 08:00 imeandikwa na mtu aliyepokea maelekezo kwa simu. Siku nayo ina mgogoro. Mwambie mzee "usiku wa Alhamisi", ataelewa usiku unaoanza jua la Jumatano likizama. Kijana ataelewa usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Ndiyo maana watangazaji husema "usiku wa kuamkia Alhamisi", na mimi humshauri kila mpangaji aandike hivyo hivyo kwenye maelezo yake. Mifumo ya kuratibu imelijua tatizo hili zamani: hutenganisha tarehe ya kazi na tarehe ya saa. Jobu inayokimbia saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi inafunga hesabu za Jumatano, na isipoambiwa hivyo itazipa tarehe ya Alhamisi bila wasiwasi.

Ukishaona ratiba kama kengele, hata kuijaribu utaijaribu kama kengele: unaweka saa, unangoja ilie, ikilia umemaliza. Wengine hujisifu kwamba wamepitisha JCL yote kwa TYPRUN=SCAN na haikutoa kosa. Sawa, lakini agizo lile hukagua maandishi tu, halikimbizi chochote. Mkwaju ukiwa mahali pake na mkato ukiwa mahali pake, linapita, hata kama faili unalolitaja halijawahi kuwepo duniani.

Kinachotakiwa kujaribiwa ni mnyororo wa jobu zinazotegemeana, na kwa hilo kuna kifaa kizuri kuliko vyote, programu iitwayo IEFBR14. Kazi yake ni kutofanya chochote. Unaondoa programu halisi kwenye kila hatua, unaiweka hiyo, kisha unaachia mnyororo mzima ukimbie: je, ya pili iliingoja ya kwanza? Ya tano ilianza kabla faili halijafika? Hakuna shilingi ya mteja iliyoguswa. Jina lake limetokana na amri moja iliyokuwa ndani yake, BR 14, yaani rudi kwenye anwani iliyo katika rejista ya 14 (rejista ni kijisanduku cha namba ndani ya prosesa), ulikotoka. Na hata programu hiyo ya amri moja ilizaliwa na kosa. Namba ya jibu husomwa kwenye rejista ya 15, na hakuna aliyeisafisha, kwa hiyo programu isiyofanya kitu ilirudisha takataka yoyote iliyokutwa humo, na mnyororo ukaiamini. Ikabidi waongeze amri ya pili ya kuweka sifuri. Kila nikimsimulia mtu anacheka, halafu namuuliza: kama skejula ni alamu, hilo jibu lilikuwa linasomwa na nani?

Linasomwa na ratiba. Ndani ya JCL kwenyewe lipo sharti la COND, ambalo limewatoa jasho wengi kwa sababu limeandikwa kinyumenyume: COND=(4,LT) maana yake kama 4 ni ndogo kuliko jibu lililopatikana, hatua hii irukwe. Wageni huisoma kama ruhusa ya kuendelea, kumbe ni ruhusa ya kuruka. Nje ya JCL mratibu anafanya hivyo hivyo kati ya jobu na jobu. Kwa hiyo jaribio la maana ni la kuharibu kwa makusudi. Chelewesha faili uone nani anangoja na nani anakimbilia. Angusha jobu ya katikati, kisha uianzishe upya kutoka hatua ya tatu, uone kama kizazi kipya cha faili kimeshatengenezwa na sasa namba za vizazi hazilingani. Pitisha mwisho wa mwezi. Pitisha Februari 29.

Na pitisha Idi. Kalenda ya mratibu huorodhesha siku za kazi na sikukuu. Nane Nane haina shida, iko Agosti 8 kila mwaka. Idd el-Fitr inategemea mwandamo wa mwezi, na wapo watu wa hesabu za usiku walioshika simu wakingoja tangazo ili waijue kesho ni siku gani. Hebu niambie alamu gani utaitegesha kwa mwezi ambao haujaonekana.

Simlaumu kijana wa Njiro, na baada ya kikao nilimfuata tukaongea nje, karibu na pikipiki yake. Nilimwambia hajakosea kutaja saa, amekosea kuipa kazi yote. Saa ni sharti moja kati ya mengine, na mara nyingi maana yake ni "si kabla ya", wala haimaanishi "lazima sasa". Akaniambia, "Kwa hiyo mzee, niandikeje?" Nikamwambia kwenye ile sentensi yake abadilishe kipande kimoja tu: badala ya "saa ikifika inawasha jobu", aandike kwamba jobu huanza ikiwa saa iliyowekwa imepita, faili la leo limefika, na jobu iliyotangulia imerudisha 4 au pungufu. Na kama nafasi inaruhusu, pale alipoandika skejula aandike mratibu. Akasema sentensi itakuwa ndefu. Nikakubali kwamba itakuwa ndefu.