Warsha za usanifu majengo katika shule za msingi: yanayosemwa na ukweli wake

Wanafunzi wa usanifu majengo wakienda kuomba nafasi ya kuendesha warsha ya ubunifu katika shule ya msingi jijini Dar es Salaam, maneno huwa yameshawatangulia. Mwalimu wa taaluma anawaza mtihani, mzazi anawaza mchango, na wanachuo nao wanakuja na mawazo yao kuhusu watoto. Dhana ninazozisikia mara nyingi nimeziandika hapa, kwa sababu zikiachwa bila kujibiwa zinaua kazi nzuri: ama warsha haifanyiki, ama inageuka siku ya kupiga picha na kugawa penseli.

Dhana: Wanakuja kuwafundisha watoto kuchora ramani

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na imetokana na mazoea yetu. Mtu akinunua kiwanja Chanika au Kigamboni, anatafuta wa kumchorea ramani. Akishaipata anaona kazi ya msanifu imekwisha. Kumbe mistari ile inakuja baada ya maamuzi mengi: jengo litazame upande gani, hewa iingie wapi na itokee wapi, maji ya mvua yaelekee wapi. Maamuzi hayo mtoto wa darasa la nne anayamudu, na ana sababu ya kuyajali, maana ndiye anayeketi humo ndani tangu asubuhi.

Chukua boksi la viatu, lifunike juu kwa plastiki inayoonyesha, kisha kata dirisha upande mmoja tu. Mwanachuo anawasha kijiti cha udi na kukishika mbele ya dirisha, mtoto anapepea taratibu kwa daftari. Moshi unagonga ukuta wa boksi na kurudi nyuma. Unaoingia ni kidogo, nao unazungukazunguka humo humo. Sasa kata dirisha la pili, upande unaotazamana na la kwanza, kisha pepeeni tena. Moshi unaingia huku na kutokea kule. Hapo watoto hawasubiri swali. Wanageuka kutazama darasa lao wenyewe, na haichukui muda kabla ya mmoja kusema kwamba madirisha ya upande wa pili yamezibwa na kabati la vitabu.

Jaribio la pili linafanyika uwanjani, na linahitaji mlingoti wa bendera tu. Watoto wanaweka jiwe mahali ncha ya kivuli inapofika, kila baada ya saa moja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana linasimama upande wa kaskazini na kivuli kinalala kusini. Desemba mambo yanageuka. Mlingoti wa mita 6 utatoa kivuli cha mita 3.5 hivi katika mchana wa mwisho wa Juni, na chini kidogo ya mita 2 mwishoni mwa Desemba. Siku hizo kivuli kifupi kabisa hakitokei saa 6 kamili bali dakika 20 na kitu baadaye, jambo ambalo watoto hulibishania sana mpaka walione kwa macho. Asubuhi na jioni jua liko chini, linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, na hakuna upenu wa kulizuia. Ndiyo maana darasa zuri hapa kwetu kuta zake mbili ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Madirisha ya pande hizo yanakingwa kirahisi na paa lililotokeza, na yanapokea hewa msimu wa kusi na msimu wa kaskazi. Mtoto aliyeliona hili kwa mawe aliyoyapanga mwenyewe hahitaji kukaririshwa.

Dhana: Bila kompyuta na vifaa vya gharama haiwezekani

Haina ukweli wowote. Maboksi yanapatikana kwa wenye maduka, na vijiti vya mishikaki havina bei ya kutisha. Unganisha vijiti vinne viwe mraba, funga pembe kwa mpira wa kufungia hela, kisha usukume: unalala upande. Unganisha vitatu: haviendi popote. Waambie watazame juu kwenye kenchi za paa la darasa na wahesabu pembetatu. Karatasi ya daftari ikilazwa juu ya vitabu viwili inabonyea kwa penseli chache tu. Ikikunjwa mikunjo mikunjo inabeba nyingi zaidi, na mtoto anaelewa kwa nini bati lina migongo. Kitu pekee kinachohitaji uangalifu ni visu. Kukata ni kazi ya mwanachuo, basi.

Dhana: Inakula muda wa mitihani

Wasiwasi huu nauheshimu. Walimu wa darasa la saba wanabanwa na matokeo, na sishauri mtu yeyote apeleke warsha kwa watoto hao miezi ya mwisho kabla ya mtihani. Lakini kwa darasa la tatu hadi la tano, warsha iliyopangwa vizuri ni hisabati yenyewe. Mzingo, eneo, pembe na uwiano vyote vimo. Kinachosaidia sana ni kuanza na vipimo vya mwili: shubiri (upana wa kiganja kilichotanuliwa), dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole), pima (mikono miwili iliyonyooshwa). Kila kundi linapima dawati kwa shubiri, majibu yanatofautiana, ubishi unaanza, na ndipo rula inapopata maana. Baada ya hapo wanapunguza darasa lao hadi sentimita 1 kwa kila dhiraa na kulitengeneza kwa boksi. Mwalimu wa hisabati akishirikishwa tangu mwanzo, na si kupewa taarifa asubuhi ya siku yenyewe, ataonyesha mada anayotaka iimarishwe.

Dhana: Watoto watabuni maghorofa na mabwawa ya kuogelea tu

Watafanya hivyo ukiwauliza swali baya. Ukisema "buni nyumba ya ndoto yako" utapata nyumba za kwenye televisheni. Uliza kitu wanachokijua kuliko wewe: wakati wa mapumziko foleni ya bombani inapita wapi, na nani anasukumwa? Mvua za masika zikinyesha, mnasimama wapi? Dawati gani halioni ubao, na saa ngapi? Kwenye majibu ya maswali haya watoto wanakuwa wataalamu. Nimeona kundi la wasichana likipima urefu kutoka kwenye kiti hadi machoni, kisha kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha, likaonyesha kwamba mtoto aliyekaa haoni chochote cha nje isipokuwa mbingu. Hakuna mtu mzima shuleni pale aliyekuwa ameliona hilo, kwa kuwa watu wazima huingia darasani wakiwa wamesimama.

Kusikiliza maoni ya mtoto si hisani pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Jengo la shule linagusa ustawi wake kila siku.

Dhana: Mwanachuo yeyote anaweza, na yeye hapati kitu

Hapa kuna makosa mawili. Kwanza, kujua usanifu si kujua kufundisha. Katika shule nyingi za serikali jijini, darasa lenye watoto zaidi ya mia moja si jambo la kushangaza. Kijana mmoja mbele ya umati huo na boksi moja atapoteza sauti ndani ya nusu saa. Inahitajika timu, mwanachuo mmoja kwa kila kundi la watoto wanane hadi kumi, na ikiwa timu ni ndogo, afadhali kuchukua mkondo mmoja kuliko shule nzima. Mwalimu wa darasa abaki ndani. Yeye ndiye anayemjua mtoto asiyeona vizuri, na anayejua nani hajala.

Pili, mwanachuo anapata mengi. Chuo Kikuu Ardhi, kama vyuo vikuu vyetu vingine, hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida anasoma kwa Kiswahili. Kijana aliyezoea kutetea michoro yake mbele ya wahadhiri anajikuta analazimika kueleza kwa lugha ya nyumbani kwa nini ukuta usimame pale. Akishindwa kumwelewesha mtoto wa miaka tisa, hatamwelewesha mama mwenye kiwanja Mbagala wala fundi anayesubiri maelekezo. Hilo ni zoezi la taaluma kamili, na vyuo vingefanya vema kulihesabu hivyo.

Dhana: Lengo ni kuwapata wasanifu wa kesho

Wachache huenda wakaifuata kazi hiyo, na ni vizuri watoto wajue kwamba Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Ukiweza kuwafikisha pale wakaona jinsi paa lile la zege linavyosimama, wapeleke. Wasichana pia waongozwe na dada wa chuo waliokuja kama wataalamu, si kama wasaidizi wa kugawa maji. Lakini wengi wa watoto hawa watakuwa wapangaji, wazazi, wajumbe wa kamati za shule, watu watakaojenga chumba kimoja kimoja kadiri hela inavyopatikana. Hao ndio jiji linawahitaji wajue kuuliza dirisha litazame wapi kabla tofali halijapangwa.

Dhana: Walichobuni watoto kitajengwa

Dhana hii huletwa na wanachuo wenyewe, kwa nia njema, na ndiyo inayoumiza zaidi. Mtoto atauliza: "Dada, mnaanza kujenga lini?" Jibu litolewe siku ya kwanza, wazi, kwamba hakuna ujenzi ulioahidiwa. Kisha yatafutwe yanayowezekana wiki ile ile: kabati lisogezwe kutoka dirishani, foleni ya bombani igeuzwe upande, mwarobaini upandwe magharibi mwa darasa lenye jua kali la jioni. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya wazazi; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la hiari tena. Maboksi waliyotengeneza yabaki shuleni, yasibebwe kwenda kupamba maonyesho ya chuo. Na vipimo vyote watoto walivyochukua vikabidhiwe kamati ya shule kwa maandishi, ili siku fedha za ukarabati zikipatikana, fundi aanze na kitu kilichopimwa.