Kurudi kutazama ndege baada ya kukaa ndani miezi mingi: maswali na majibu ya afya

Majibu haya ni kwa waliokuwa wakitoka na darubini, kisha ugonjwa, upasuaji, uzazi mgumu au kuuguza mtu kukawafunga nyumbani kwa miezi. Mifano mingi ni ya Pwani, kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa na Watamu, kwa kuwa joto la huku lina mambo yake.

Kutazama ndege ni matembezi ya taratibu. Kwa nini nijiandae kama anayekwenda kupanda mlima?

Kwa sababu si matembezi. Kwa saa nzima mtazamaji ndege anaweza asimalize hata kilomita moja. Muda mwingi amesimama tuli, mikono juu, kichwa kimelalia nyuma, na kusimama tuli huko ndiko kunakomshinda aliyetoka kitandani. Unapotembea, misuli ya vigimbi hubana mishipa na kuisukuma damu irudi moyoni. Ukisimama bila kusogea, pampu hiyo hulala na damu hutuama miguuni. Mwili uliozoea kusimama hukaza mishipa yake mara moja. Uliolala miezi huchelewa. Ongeza joto linalotanua mishipa ya ngozi, ongeza na kidonge cha presha kilichomezwa alfajiri, utaelewa kwa nini mtu aliyetembea salama hadi chini ya mbuyu anakuja kuanguka akiwa amesimama anamtazama hondohondo.

Kwa hiyo kila baada ya dakika mbili nyanyua visigino mara kumi, au hamisha uzito mguu hadi mguu. Ukiona giza machoni, masikio yakivuma au jasho baridi likikutoka, kaa chini hapo hapo. Ikiwezekana lala na uinue miguu. Usijikaze eti ndege yuko karibu kutokeza.

Nitajuaje kama niko tayari kutoka?

Fanya majaribio matatu nyumbani, mtu mwingine akiwa pembeni yako.

Chukua kiti cha kawaida cha mezani kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano mfululizo bila kujishika. Ukipita sekunde 15, mapaja bado ni dhaifu, na nje ya nyumba ni mapema mno. Rudia zoezi hilohilo kila siku, seti mbili za mara tano, kwanza ukijishika mikononi mwa kiti kama hakuna njia nyingine.

La pili ni kusimama karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10. Ukiyumba kabla ya hapo, tembea na fimbo.

La tatu linawahusu zaidi wenye presha, wazee na waliolazwa muda mrefu. Lala dakika tano, pima presha. Simama, pima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwone daktari kabla ya kutoka. Mara nyingi tiba ni kubadilisha dozi au saa ya kumeza kidonge. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Kuna jambo moja lisilosubiri jaribio lolote. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikauma na kupata joto, hasa ndani ya miezi mitatu baada ya kulazwa, kupasuliwa au kujifungua, yawezekana damu imeganda mshipani. Kibonge hicho kikisafiri hadi mapafuni kinaua. Usikande, usitembee ili kulegeza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiongezeka upungufu wa pumzi wa ghafla au maumivu ya kifua unapovuta hewa, hiyo ni dharura ya dakika hiyo.

Nianzie wapi?

Barazani. Chozi wanaokuja kwenye maua ya uani, shomoro, mbayuwayu, hata kunguru wa Bara Hindi wanaosumbua miji yetu, wote wanatosha kufundisha upya mikono na macho. Wiki ya kwanza kaa nje dakika 20 kwa siku, nusu umeketi, nusu umesimama, ukiinua darubini kwa sekunde 15 hadi 20 na kuishusha. Mabega yakiuma siku ya pili, ni kawaida. Misuli inayoshikilia mikono juu hupungua haraka.

Wiki ya pili toka mtaani, dakika 10 kwenye ardhi tambarare, ukipita penye kivuli na pa kukaa. Kuanzia hapo ongeza dakika tano kila baada ya siku tatu, kwa sharti la kesho yake: ukiamka kama ulivyokuwa jana, ongeza, ukiamka umechoka kuliko kawaida, baki hapo, uchovu ukikulaza siku nzima au zaidi, punguza kwa nusu. Sharti hili ni zito kwa waliougua UVIKO au ugonjwa mwingine wa virusi ukawaachia uchovu usiokwisha. Kwao kujilazimisha hakujengi nguvu, kunarudisha nyuma, na anguko huja siku moja au mbili baadaye, wakati mtu ameshajisifu kwamba ameweza.

Ukiwa njiani, kipimo kizuri ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi, mwendo ni sawa.

Nikitazama juu shingo inauma na kichwa kinazunguka. Niache?

Hapana, ila acha kusimama chini ya mti. Hesabu yake ni rahisi. Ndege akiwa mita 15 juu, na wewe uko mita 5 kutoka shinani, unainua macho kwa nyuzi karibu 70. Rudi hadi mita 15, inakuwa nyuzi 42. Rudi hadi mita 30, zinabaki 24, na shingo haina kazi kubwa tena. Watazamaji wengi wana tabia ya kumsogelea ndege. Wewe rudi nyuma, tafuta mwanya, umtazame kwa ubavu.

Asipoonekana ila kutoka chini, kaa kwenye kiti cha kukunja chenye mgongo unaolala, au tandika mkeka ulale chali. Usione haya. Ukilazimika kusimama, egemea shina (kagua siafu kwanza), kunja magoti kidogo, ulaze mgongo wa juu pamoja na shingo badala ya kuikunja shingo peke yake. Kila sekunde 20, shusha kidevu.

Kuhusu kuzunguka, kuna aina ya kizunguzungu inayowapata sana waliolala muda mrefu: ukiinua kichwa au kugeuka kitandani, dunia inazunguka kwa nguvu, kisha ndani ya dakika moja inatulia. Husababishwa na chembe ndogo za chokaa zilizohama mahali pake katika sikio la ndani. Vidonge vya kizunguzungu havizirudishi. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia huzirudisha kwa kukulaza na kukugeuza kichwa hatua kwa hatua, kazi ya dakika chache. Mpaka utibiwe, tazama ndege walio usawa wa macho.

Kizunguzungu kinachokuja na ulimi mzito, kuona vitu viwili, uso kupinda au mkono kuishiwa nguvu ni dalili ya kiharusi. Kimbilieni hospitali.

Darubini imekuwa nzito na picha inatikisika. Ninunue nyingine?

Soma namba kwanza. 8x42 maana yake inakuza mara nane na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Ukiwa na 10x42, mtikisiko wa mkono nao umekuzwa mara kumi. Kwa mtu anayerudi, nane ni bora, na ya 8x32 huwa nyepesi zaidi, ingawa alfajiri inaingiza mwanga mdogo. Uzito wa 42 kwa kawaida ni gramu 600 hadi 800. Ukining'inia kwenye uzi mwembamba shingoni kwa saa mbili, maumivu ya shingo yana sababu. Tumia mkanda unaopita mabegani na kupishana mgongoni. Bana viwiko mbavuni, au keti uviegemeze magotini.

Kisha rekebisha upya, maana macho nayo yamebadilika. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione maandishi ya bango la mbali vizuri. Fumba la kushoto, sasa zungusha pete ya kioo cha jicho la kulia tu. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya macho. Mwenye kisukari ambaye sukari ilikuwa juu asinunue miwani mpya mpaka sukari itulie wiki kadhaa: lenzi ya jicho huvimba na kunywea kufuata sukari.

Darubini iliyofungiwa mkobani miezi sita hapa Pwani huota ukungu ndani. Imulike kwa tochi; ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ipeleke kwa fundi. Iliyoanguka inaweza kuleta picha mbili na kichwa kuuma. Ondoa darubini machoni: picha mbili zikitoweka, tatizo ni chombo, zikibaki, tatizo ni wewe, na hospitali inakusubiri.

Nahofia kuanguka.

Ni hofu yenye msingi, kwa sababu macho yako juu na miguu iko kwenye mizizi au mawe ya matumbawe. Ama unatembea, ama unatazama. Simama, panda miguu yote miwili, shika kitu, ndipo uinue darubini. Ishushe ndipo upige hatua. Miwani ambayo kila kioo kina sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea, inafifisha ardhi unapotazama kupitia sehemu ya chini, kwa hiyo kama unayo ya kuonea mbali peke yake, vaa hiyo. Ndala ziache nyumbani. Na usiende peke yako mwezi wa kwanza.

Saa gani nzuri?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Mwili uliokaa ndani umesahau kutoa jasho vizuri, na huchukua siku 7 hadi 14 za kutoka kidogo kidogo kulizoea joto tena. Kunywa maji kama nusu lita kwa saa, kwa mafunda. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiwango walichopewa na daktari.

Ufukweni lipo jambo zuri kwa asiyeweza kutembea sana: maji yanakuletea ndege. Yakijaa, huwasukuma vitwitwi na yangeyange kutoka mbali hadi karibu na pwani. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, maji hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo ukiketi kivulini tangu saa mbili unawaona wakisogea. Siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hiyo ya alasiri inafaa jua likianza kupungua. Mida Creek, karibu na Watamu, ni mahali pa kufanya hivyo, hasa kati ya Septemba na Aprili wageni wa kutoka Ulaya na Asia wanapokuwepo. Usiingie matopeni kwenye mizizi ya mikoko. Tope linanyonya mguu na goti dhaifu halina pa kushika.

Mbu je?

Mbu wa malaria huuma jioni hadi alfajiri. Wa homa ya dengi huuma mchana, na Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Mikono mirefu, suruali, na dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30. Losheni ya jua hutangulia, dawa ya mbu hufuata juu yake. Ukipata homa, pima malaria ndani ya saa 24, na mpaka dengi iondolewe shaka tumia parasetamoli peke yake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.

Nina kisukari na natumia insulini.

Pima kabla ya kutoka. Beba sukari mfukoni, si kwenye begi la mwenzako. Ukitetemeka, ukatoka jasho au kuchanganyikiwa, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena. Ukirudi, kagua nyayo zote mbili.

Nimekuta ndege amekufa. Nimwokote nimtambue?

Mpige picha, usimguse. Mafua ya ndege yapo, na kideri huweza kubebwa na viatu hadi kwenye banda la kuku. Wakiwa wengi mahali pamoja, mwarifu ofisa mifugo.

Mwili umepona, lakini sina hamu, na nje kunanitia wasiwasi.

Hutokea sana, na si uvivu. Toka na mtu mmoja unayemwamini, mahali unapopajua, kwa dakika 10, na mkubaliane mapema kwamba ukitaka kurudi mnarudi bila maelezo. King's College London walichapisha mwaka 2022 utafiti wa watu 1,292 waliojibu maswali kwa simu mara kadhaa kwa siku: kuona au kusikia ndege kuliendana na hali nzuri zaidi ya akili, hadi saa nane baadaye, hata kwa wenye sonona. Hilo halichukui nafasi ya matibabu. Usingizi ukikupotea, chakula kikakosa ladha kwa wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yakaja, mwambie mhudumu wa afya wazi.

Mwenzangu anamsikia chozi, mimi simsikii.

Chunguza nta kwanza. Huweza kujaa na kuziba sikio. Usichokonoe kwa njiti, unaisukuma ndani. Sababu ya pili ni umri, ambao huanza kula sauti nyembamba kabla ya nzito, kwa hiyo unamsikia kwarara vizuri na chozi anapotea. Ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi: sindano za kanamaisini na amikasini, zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, pamoja na jentamaisini, huweza kuharibu usikivu kuanzia sauti hizo hizo za juu, na usikivu uliopotea hivyo haurudi. Kama bado uko kwenye dozi, usingoje kliniki ijayo. Mweleze daktari wiki hii kwamba sauti za ndege zimepotea, uombe kipimo cha usikivu kinachofika sauti za juu, kwa kuwa zipo dawa nyingine za kubadilishia.